Faini za vyombo vya uvuvi: zitozwe vipi ili ziume bila kumwonea mtu?

MdauMtumba (Dodoma)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna maoni tunaandaa kupeleka wizarani Mtumba kuhusu adhabu za vyombo vya uvuvi vya kibiashara. Wadau wenyewe ni wa makundi mawili yasiyofanana hata kidogo. Wapo wenye maboti ya bwawa la Mtera wanaoleta samaki Dodoma na Iringa, na wapo mawakala wa meli zinazovua jodari Bahari Kuu kwa leseni. Ajabu ni kwamba malalamiko yao yanakaribiana: faini inatajwa kwanza, ushahidi unatafutwa baadaye, na hakuna anayeweza kukueleza kwa nini huyu kapigwa milioni 2 na mwenzake wa kosa lile lile kapigwa laki 5.

Sitafuti mlango wa kupunguza faini. Anayevuta kokoro (nyavu haramu ya kukokota) au anayezima kifaa cha setilaiti kinachoonyesha meli ilipo aumie, kwa sababu anakula samaki wa mwenzake anayefuata sheria. Ninachotaka ni hoja za kiufundi: kosa lipimweje, faini ikadiriweje, nani alipe, na fedha iende wapi. Mnaoyajua haya kwa undani naomba msaada, tena kwa vipimo na hatua, siyo kauli za jumla.

---

Wakili_Kilimani

Mkuu, anza na kufifilisha kosa, maana faini nyingi huishia hapo bila kufika mahakamani. Chini ya Sheria ya Uvuvi, Sura ya 279, Mkurugenzi wa Uvuvi au afisa aliyeidhinishwa anaweza kumaliza kosa kwa mtuhumiwa kukiri na kulipa. Jambo hili lina faida kwa pande zote: boti halikai wiki 3 kituoni na serikali haipotezi muda wa mahakama. Ubaya unaanzia kwenye lile neno kukiri. Mtu aliyezuiwa na kilo 400 za samaki bila barafu, jua la Mtera likiwa limesimama, atakiri chochote ili aondoke. Huko si kukiri, ni kuokoa mzigo.

Kwa hiyo pendekezeni mpangilio usioruka hatua. Samaki wapimwe, wapigwe picha na wauzwe mara moja mbele ya mhusika, na fedha iingie akaunti ya amana ikisubiri uamuzi. Baada ya hapo ndipo mtuhumiwa aulizwe kama anakiri au anataka mahakama. Hapo presha ya mzigo kuoza inakuwa imeondoka. Akishinda arudishiwe fedha yote. Jihadharini na neno "kuteketeza vielelezo". Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwenye mashauri ya nyara za wanyamapori kwamba kielelezo kinachoharibika kikiondolewa kwa amri ya hakimu, mtuhumiwa awepo na asikilizwe. Kwa samaki hoja ni ile ile.

Hati ya kufifilisha iwe na jina la kosa na kifungu chake, maelezo ya mtuhumiwa kwa lugha anayoielewa, jinsi kiasi kilivyokokotolewa, jina na namba ya idhini ya afisa, na kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Fedha taslimu mkononi mwa afisa isiruhusiwe kabisa, hata kwa stakabadhi. Na kila mtu apewe muda wa kufikiri kabla ya kusaini, saa 24 zinatosha. Haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa imo kwenye Katiba, Ibara ya 13(6)(a), haikuletwa na wenye meli.

Kwa upande wa Bahari Kuu, mfano wa kusoma ni meli ya Tawariq 1, ile ya "samaki wa Magufuli", wakati huo akiwa waziri wa uvuvi. Ilikamatwa Machi 2009, nahodha na wakala wakatiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta mwenendo mzima kwa sababu mashtaka hayakuwa na ridhaa ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) inayotakiwa kisheria. Samaki walishagawiwa, meli ilishachakaa. Watu wengi huikumbuka kama kesi ya samaki, lakini mimi naiona kama kesi ya karatasi moja iliyokosekana mwanzoni. Utaratibu ukifuatwa, anayelindwa ni mtuhumiwa na serikali pia.

Halafu kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Kifungu cha 73 kinasema hivi: meli ya kigeni ikikamatwa kwa kosa la uvuvi ndani ya Ukanda wa Kiuchumi (maili 12 hadi 200 kutoka pwani), iachiwe haraka ikishaweka dhamana ya kuridhisha, nchi ya bendera ijulishwe, na adhabu isiwe kifungo isipokuwa nchi husika zimekubaliana hivyo. Ndani ya maili 12 mambo ni mengine. Ndiyo maana mahali meli ilipokuwa lazima pathibitishwe kabla ya kufikiria adhabu.

---

Mpimanyavu

Naongeza upande wa vipimo, kwa sababu nusu ya ugomvi wa kwenye mialo unaanzia kwenye rula.

Jicho la nyavu halipimwi moja. Ukitafuta jicho dogo kuliko yote kwenye nyavu ya mita 90 utalipata tu, hata kama nyavu ni halali. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2008 ambayo hatua zake hazina gharama yoyote kuiga. Nyavu iwe imelowa. Chagua macho 20 yanayofuatana, kaa mbali na ukingo angalau macho 3, ruka yaliyochanika au kushonwa upya. Vuta jicho kwa urefu, pima uwazi wake, andika kila namba, tafuta wastani. Ukiwa chini ya kiwango, chukua mafungu mengine mawili ya macho 20, halafu wastani wa yote 60 ndio uamue.

Chukulia nyavu inayotakiwa kuwa inchi 3, yaani milimita 76.2. Macho 20 ya kwanza yanatoa namba kati ya 73 na 79, wastani 75.8. Kwa kipimo cha mara moja huyu ni mkosaji. Akipimwa macho 60 anaweza kufika 76.4 na kuwa salama, au akabaki 75.8 na kuwa mkosaji kweli, lakini sasa hana la kubisha. Kanuni pia iseme wazi kama kipimo ni ndani ya fundo hadi ndani ya fundo au katikati ya fundo hadi katikati. Kwa uzi mnene tofauti hiyo peke yake ni milimita 2 au 3, na mfanyabiashara wa nyavu akitumia kipimo kimoja na afisa kingine, mvuvi anapigwa faini kwa kitu alichouziwa dukani kama halali.

Samaki nao wana mahali pa kupimiwa: kwenye mwalo, wakiwa wabichi, juu ya ubao wenye kizuizi upande wa mdomo, mdomo umefungwa, mpaka ncha ya mkia. Sangara wa sentimita 50 akishabanikwa au kukaangwa si wa sentimita 50 tena. Mnakumbuka Juni 2018 maafisa walipoingia mgahawa wa Bunge hapa hapa Dodoma na rula, wakapima samaki waliokwisha kupikwa. Lile zogo lingeepukika kama kanuni ingetaja kwamba kipimo cha urefu kinatumika kwa samaki mbichi tu, na kwamba mnunuzi wa mwisho siye wa kwanza kuulizwa.

---

DoriaBaharini

Wakili amesema mahali meli ilipokuwa. Ngoja niwaeleze jinsi pale panavyothibitishwa na panavyokosewa.

Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi inataka meli itume nafasi yake kwa setilaiti angalau kila saa 4. Meli inayokwenda noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, ndani ya saa 4 imetembea maili 40. Ukichora mstari ulionyooka kati ya nukta mbili unaweza kuipitisha meli eneo lililofungwa ambako haikukanyaga, au ukaikosa iliyoingia na kutoka. Mstari siyo ushahidi. Ushahidi ni nukta, mwendo na mwelekeo kwa pamoja, na ukiwa na shaka unaiomba mitambo nafasi za karibu karibu badala ya kungoja saa 4.

Mwendo unasema mengi. Trola (meli ya kuburuta nyavu) ikivuta hukaa kwenye noti 2 hadi 4. Meli ya mishipi mirefu ikitega hukimbia noti 8 hadi 10, ikivuta hushuka 3 mpaka 5 kwa saa nyingi mfululizo. Kwa hiyo mwendo wa noti 9 haumaanishi kwamba inapita tu, na noti 4 si lazima iwe inavua, huenda mashine ina tatizo. Linganisha na daftari la mavuno, joto la vyumba vya kugandishia na mafuta yaliyotumika.

Kosa la kijinga linaloharibu kesi nzuri ni saa. Mfumo wa setilaiti unaandika saa za kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele. Saa 18:00 ya mfumo ni saa 3 usiku kwetu. Karani akichukua maelezo ya baharia "saa 3 usiku" akaandika 03:00 kwenye hati, umeshatengeneza tofauti ya saa 18 halisi kwenye fomu, na wakili wa upande wa pili atakaa hapo hapo. Fomu iwe na sehemu moja tu ya saa, mtindo wa 24, na iandikwe ni saa ya wapi.

Kifaa kikizimika pia kisihesabiwe moja kwa moja kuwa hila. Kamisheni yenyewe inatoa mwezi 1 wa kukitengeneza au kukibadilisha, ilimradi nahodha atoe taarifa mara anapogundua na aendelee kuripoti kwa njia nyingine. Asiyeripoti kabisa huyo ni wa kundi lingine, na faini yake iwe ya kundi lingine.

Mapezi ya papa: azimio la Kamisheni la mwaka 2017 lilikataza kukata mapezi kwa papa wanaotunzwa wabichi mpaka washushwe, na kwa waliogandishwa lilitaka mapezi yasizidi asilimia 5 ya uzito wa papa waliomo melini. Tani 10 za papa, mapezi yasivuke kilo 500. Pimeni vyote siku moja, mizani moja iliyohakikiwa, na muandike kama mapezi ni mabichi, yamegandishwa au yamekaushwa, kwa sababu pezi kavu ni jepesi na linaficha wizi. Hapa sina huruma: asilimia 12 haitokei kwa bahati mbaya.

---

BotiLaMtera

Wakuu mnazungumza vizuri lakini ya kwetu ni madogo na ndiyo yanayotumaliza. Boti likizuiliwa siku 10, likirudi halina mashine ile ile. Naomba muongeze: siku ya kuzuia iandikwe namba ya mashine, nguvu farasi, hali ya propela, lita za petroli kwenye tangi, idadi ya nyavu na makasia, kila upande wa boti upigwe picha, na nakala abaki nayo mwenye boti. Siku ya kurudisha orodha ipitiwe upya kwa saini.

Na nyavu zisichomwe kabla ya uamuzi. Ikiwa ni kokoro au timba, sawa, ni haramu yenyewe kwa yenyewe, lakini hata hapo kikatwe kipande cha mita 2, kifungwe lakiri, kibaki kama kielelezo. Nyavu ya macho yenye ubishi ikichomwa leo, kesho utapima nini?

---

Wakili_Kilimani

@BotiLaMtera umesema kweli tupu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka stakabadhi kwa kila kitu kinachochukuliwa, yenye saini ya mwenye mali na ya shahidi. Orodha yako ndiyo stakabadhi hiyo, ila imejazwa inavyopaswa. Shahidi awe mtu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za mwalo) au mwenyekiti wa kitongoji, asiwe askari mwenzake afisa.

---

Mkadiriaji_Faini

Nimesubiri swali la kiasi, maana ndilo gumu.

Kanuni zikitaja "isiyopungua" na "isiyozidi" halafu zikanyamaza, kila afisa anajitungia katikati. Marekani walikuwa na tatizo hilo kwenye meli zao za uvuvi. Ripoti ya mkaguzi ya mwaka 2010 ilikuta idara ya utekelezaji ya NOAA (shirika lao la bahari na anga) inaendesha mfuko wa fedha za faini bila udhibiti, ina magari 202 kwa watumishi 172, na makadirio ya faini yanatofautiana bila maelezo. Mwaka 2011 waziri husika akaamuru wavuvi na kampuni 11 warudishiwe jumla ya karibu dola 650,000. Marekebisho waliyofanya baada ya hapo ndiyo yanayofaa kunakiliwa.

Kwanza, jedwali. Upande mmoja uzito wa kosa, ngazi 6. Upande mwingine hali ya akili ya mkosaji, ngazi 4: hakukusudia, alizembea, alipuuza hatari kwa makusudi, alikusudia. Makutano yanatoa kiwango chembamba cha faini. Baada ya hapo unaongeza au kupunguza kwa historia ya mkosaji, kisha unajumlisha faida aliyoipata. Jedwali linachapishwa, kila mwenye boti analisoma kabla hajaingia majini.

Hiyo faida ndiyo inayosahaulika. Tuseme boti la Mtera limekamatwa na kilo 60 za samaki wa nyavu haramu, bei ya mwalo shilingi 5,000 kwa kilo. Faida ni 300,000. Faini ya 200,000 inamwachia mkosaji 100,000 mfukoni, yaani serikali imemuuzia kibali. Faini ya milioni 5 inamfilisi, anauza boti, na vibarua wake wanaenda kwenye boti la kokoro. Chukua 300,000 kama msingi, ongeza kiasi cha jedwali, tuseme 400,000 kwa aliyezembea mara ya kwanza au milioni 1.2 kwa aliyekusudia mara ya pili. Kwa meli ya jodari yenye tani 80 zilizovuliwa eneo lisiloruhusiwa hesabu ni ile ile, namba tu ndizo zinakua zenyewe. Hivyo ndivyo unavyotoza makundi yako mawili kwa kanuni moja bila kumwonea mdogo wala kumpakata mkubwa.

Pili, mzigo wa kuthibitisha kiasi. Tangu 2010, huko Marekani jaji wa shauri halazimiki tena kuanzia kwenye kiasi alichopendekeza mwendesha mashtaka. Serikali inabidi ieleze kwa nini ni kiasi hicho. Wekeni sentensi kama hiyo.

Tatu, fedha. Iende Mfuko Mkuu wa Hazina, na bajeti ya doria itoke kwenye bajeti. Posho ya afisa isitegemee idadi ya faini, na tathmini ya utendaji wake isihesabu makusanyo. Ihesabu ukaguzi uliofanyika, ikiwamo ule uliokuta chombo kiko safi.

Dhamana ya meli za kigeni nayo ina mipaka inayojulikana. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg imeshapunguza dhamana zilizopandishwa mno: meli ya Camouco mwaka 2000 kutoka faranga milioni 20 za Ufaransa hadi milioni 8, Monte Confurco mwaka huo huo kutoka milioni 56.4 hadi 18. Kwa Volga, mwaka 2002, Australia ilitaka pia amana ya dola milioni 1 ya mwenendo mwema. Ikakataliwa, ikabaki dola za Australia milioni 1.92, thamani ya meli, mafuta na vifaa. Shauri hufunguliwa na nchi ya bendera au kwa niaba yake, tena pande zikishindwa kukubaliana ndani ya siku 10 tangu meli izuiliwe kuhusu mahakama ya kulipeleka. Mawakala wa meli waujue huo muda.

---

MdauMtumba

Nimenakili yote, Mungu awabariki. Limebaki la nani alipe. Mtera anayekamatwa ni kibarua aliyeshika kamba, tajiri yuko Dodoma mjini. Bahari Kuu anashikwa nahodha, mwenye meli yuko ng'ambo ya bahari.

---

Mkadiriaji_Faini

Tenganisha leseni mbili. Ulaya, chini ya kanuni ya mwaka 2009, kosa kubwa liliwekewa alama kwenye leseni ya chombo, na nahodha akapewa zake kando. Alama zikifika 18 leseni inasimamishwa miezi 2, 36 miezi 4, 54 miezi 8, 72 mwaka mzima, 90 inafutwa moja kwa moja. Miaka 3 bila kosa kubwa jipya, alama zinafutika. Chombo kikiuzwa alama zinakwenda na leseni kwa mnunuzi, kwa hiyo tajiri hawezi kumwandikisha shemeji yake na kuanza upya.

Kwa Mtera alama 3 tu zingetosha: kosa la kwanza faini, la pili faini na mwezi 1 nje ya maji, la tatu leseni ya chombo. Faini ya vifaa na eneo ibebwe na mwenye leseni ya chombo. Kibarua ashtakiwe tu kwa alichofanya kwa mikono yake akijua, kama kutupa vielelezo majini au kumzuia mkaguzi.

---

DoriaBaharini

Kwa hilo, fomu ya ukaguzi iwe na sehemu ya jina la mwenye leseni na namba ya leseni ya chombo, ijazwe kutoka kwenye leseni yenyewe na siyo kwa mdomo wa aliyekutwa ndani. Leseni ikikosekana chomboni, afisa apige simu halmashauri iliyoitoa kabla ya kuandika jina la mtu yeyote kwenye hati ya kosa. Na mkaguzi akikuta kila kitu kiko sawa, aache nakala ya fomu iliyosainiwa na yenye tarehe. Ile karatasi ndiyo itakayomtetea mwenye boti siku doria nyingine ikimkuta na nyavu zile zile.